Jina Hujibu Jina: Uhusiano wa Majina ya Ndugu katika Jamii za Afrika Mashariki

Ikisiri

Mzazi anayempa jina mtoto wa pili hachagui kwa uhuru kamili, kwa kuwa jina la mtoto wa kwanza limekwishatangulia. Makala hii inafafanua mahusiano matatu yanayounganisha majina ya ndugu katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki: ya kimofolojia, ya kimaana na ya kisauti. Inajenga hoja kwamba yapo majina yasiyoweza kufasiriwa kikamilifu pasipo kumrejelea ndugu, na kwamba hali hiyo humgusa mwenye jina maishani mwake mwote.

1.0 Utangulizi

Swali la iwapo nomino za pekee zina maana limejadiliwa kwa muda mrefu. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la mtu humtaja mwenyewe bila kueleza sifa yake yoyote. Majina kama Shida, Tabu, Subira na Baraka yanatosha kulitilia shaka dai hilo, kwani aghalabu hubeba habari za mazingira aliyozaliwa mtoto. Hata hivyo, pande zote mbili za mjadala huelekea kulitazama jina moja moja, ilhali nyumbani majina ya watoto huishi pamoja. Huitwa kwa mkupuo wakati wa chakula, hutajwa kwa mfuatano katika salamu, na mara nyingi jina la mmoja wao, hasa kifungua mimba, ndilo analoitwa mzazi: Mama Asha, Baba Juma. Kwa hiyo, kipashio kinachofaa kuchunguzwa si jina pekee bali seti ya majina ya nyumba moja.

2.0 Uhusiano wa Kimofolojia

Mfano unaofahamika zaidi ni Hassan na Hussein. Katika Kiarabu, jina la pili ni umbo la udogo la jina la kwanza, na yote mawili yametokana na mzizi h-s-n wenye maana ya uzuri na wema. Wajukuu wa Mtume Muhammad waliokuwa na majina hayo hawakuwa pacha. Mapokeo ya Kiislamu yanaeleza kwamba mkubwa alizaliwa mwaka wa 3 Hijria na mdogo mwaka wa 4. Pamoja na hayo, Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huwapa pacha wa kiume majina haya. Heshima ya wahusika imechangia, lakini umbo nalo limesaidia: jina moja limezaliwa na jingine.

Utaratibu unaokaribiana na huo unapatikana nchini Burundi, ambako pacha huitwa Bukuru na Butoyi. Shina la jina la kwanza huashiria ukubwa na la pili udogo. Lugha mbili zisizo za familia moja zimefikia suluhisho linalofanana, yaani kuuweka mpangilio wa kuzaliwa ndani ya umbo la jina lenyewe.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, hata hivyo, kanuni ya udogo ya Kiarabu haiko hai. Yeye hudogosha kwa viambishi vya ngeli, hivyo hahisi kwamba Huseni ni Hasani mdogo. Ndivyo ilivyo pia kwa Salum, Salma na Salima, au Ahmed, Hamad na Hamida: mzizi mmoja huwaunganisha ndugu hawa kwa anayejua Kiarabu, lakini kwa wengine kinachosikika ni mwangwi wa sauti tu.

3.0 Uhusiano wa Kimaana

Baadhi ya seti hupata umoja wake kutokana na matini inayojulikana. Imani, Tumaini na Upendo zimeorodheshwa pamoja katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 13:13. Familia ya Kikristo iliyoanza na Imani imekwishafungua mlango wa Tumaini. Seti nyingine huunda masimulizi. Shida akifuatwa na Neema, majina hayo mawili husimulia kupita kwa dhiki. Simulizi hiyo huwafariji wazazi, lakini humwachia mtoto mkubwa mzigo wa kuwa kumbukumbu ya siku mbaya, na mdogo wake heshima ya kuzimaliza.

Uhusiano ulio mkali zaidi umo katika majina yanayotokana na mpangilio wa uzazi. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Kiswahili kimeyachukua majina mawili ya kwanza na kuyafanya nomino za kawaida: tunasema vitu viwili ni kurwa na doto tukimaanisha kwamba vinafanana mno. Kwa Waganda, anayewafuata pacha ni Kizza, naye Kizza hufuatwa na Kamya. La kuvutia zaidi ni Kigongo, jina la mtoto aliyezaliwa kabla ya pacha. Mtoto huyo hawezi kustahili jina hilo siku anayozaliwa, bali wadogo zake ndio wanaomstahilisha. Hapa jina la mdogo halifuati la mkubwa. Kuzaliwa kwa wadogo ndiko kunakorudi nyuma na kumpa mkubwa jina.

Majina haya yana sifa ya kipragmatiki isiyopatikana katika Asha au Juma: kila moja linachukulia kwamba mtu mwingine yupo au aliwahi kuwapo. Anayejitambulisha kuwa Doto huulizwa mara moja, “Kulwa yuko wapi?” Ikiwa pacha mwenzake amefariki, swali hilo la kirafiki humrudisha msibani kila anapokutana na mgeni. Katika hali hiyo, jina haliishii kumtaja mwenyewe. Linamtaja pia asiyekuwapo.

4.0 Uhusiano wa Kisauti

Wazazi wengi hupenda majina ya ndugu yafanane kwa sauti, lakini mfanano una gharama. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Halima na Salima hulingana katika silabi hiyo na ile inayoifuata, na hutofautiana kwa konsonanti ya mwanzo tu, yaani /h/ na /s/. Konsonanti hizo ni za kukwamiza zisizo na ghuna, na ni rahisi kupotea mtu anapoita kutoka mbali. Mama akiita kutoka uani, kinachofika ni “-lima”, na wataitika wawili au asiitike yeyote.

Linganisha na Hasani na Huseni, kama wengi wanavyoyatamka. Konsonanti ni zilezile, h-s-n, lakini irabu yenye mkazo ni /a/ katika la kwanza na /e/ katika la pili. Kwa kuwa irabu ndizo zinazobeba sauti mbali, majina haya huonesha undugu bila kuchanganya wenyewe. Kanuni inayojitokeza ni kwamba majina ya ndugu yanaweza kufanana popote, mradi yatofautiane kwenye mkazo.

5.0 Hitimisho

Mtafiti anayekusanya majina kutoka katika rejista, ambamo kila mtu huorodheshwa peke yake, atapata Kigongo na Shija bila kuona kinachowafanya wawe hivyo. Data ya onomastiki inapaswa kukusanywa kwa kaya na kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kwa mzazi, uzuri wa majina yakitajwa pamoja ni kipimo kimoja tu. Kipimo cha pili, ambacho hukumbukwa mara chache zaidi, ni kama kila mtoto ataweza kulibeba jina lake akiwa peke yake.