Pankeki ya Oveni: Moto Ndio Hamira

Ukiisoma orodha ya mahitaji ya pankeki hii kwa mara ya kwanza, utadhani aliyeiandika kasahau kitu. Mayai 3, nusu kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha maziwa, kijiko kikubwa kimoja cha sukari, chumvi kidogo sana, na siagi. Hamira haimo. Bekingi pauda haimo. Ni vitu vilevile vya chapati za maji, ila mayai yamezidi. Rojo hilo jepesi humiminwa kwenye kikaango cha moto, kikaango kikaingizwa kwenye oveni, na baada ya dakika 25 hutoka kitu kilichovimba hadi kikazipita kingo, kimejikunja huku na huko, kikavu na cha rangi ya dhahabu pembeni, laini katikati.

Kuumua unga ni kazi tunayoijua vizuri. Maandazi hufunikwa yakaachwa mahali penye joto, mkate wa kumimina husubiriwa mpaka utoe mapovu. Kwa hiyo pankeki hii ikigoma kupanda, mpishi hukimbilia kuongeza kitu kwenye unga, na hapo ndipo anapoiharibu kabisa. Kinachoumua hapa ni mvuke, na mvuke huzaliwa na moto. Ikikataa, kosa karibu kila mara liko kwenye kikaango au kwenye oveni, wala si kwenye bakuli.

Tupige hesabu kidogo. Maji yakigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka zaidi ya mara 1,600. Kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani mililita 5, kikigeuka chote kuwa mvuke hujaza lita 8. Maziwa nayo ni maji kwa karibu asilimia 87, na yai bila ganda ni maji kwa robo tatu. Ina maana mayai 3 na nusu kikombe cha maziwa yamebeba maji ya gramu 200 na zaidi. Sehemu ndogo tu ya maji hayo ikigeuka mvuke na kuzuiwa isitoroke, inatosha kuinyanyua pankeki nzima. Sehemu nyingine hupotea hewani, ndiyo maana kioo cha oveni huingia ukungu.

Kuuzuia mvuke ni kazi ya unga na mayai. Unga wa ngano ukilowa hutengeneza gluteni, ule utando unaolifanya donge la chapati livutike bila kukatika. Wanga uliomo kwenye unga hunywa maji ukavimba. Protini za yai huanza kuganda joto likifika nyuzi 60 na kitu, lakini zikichanganywa na maziwa na unga huchelewa, mpaka nyuzi 80 hivi. Ndani ya kikaango, basi, kuna mbio. Mvuke lazima usukume wakati rojo bado linavutika, na mayai lazima yagande mara tu kuta zinapofika juu. Mayai yakitangulia, unapata kimanda kinene. Mvuke ukitangulia mno, pankeki hupanda kwa mbwembwe kisha huanguka mlemle ndani ya oveni. Chuma chenye moto mkali hutoa mvuke mwingi kwa ghafla kutoka chini, na joto la oveni linalozunguka hufuata nyuma kuzigandisha kuta. Ndiyo siri yote. Puri inayofura kwenye mafuta haina hamira pia, nayo huinuliwa na mvuke huohuo.

Wamarekani huiita pankeki hii Dutch baby, jina lililosambaa kutoka mkahawa wa Manca's wa mjini Seattle, mali ya familia ya Victor Manca, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1966 mwandishi wa vyakula wa gazeti la New York Times, Craig Claiborne, aliandika kuhusu pankeki ya aina hiyo aliyoila Honolulu nyumbani kwa David Eyre, na mapishi yale yanapikwa mpaka leo. Wafini nao wana pannukakku, ambayo huokwa kwenye sinia la oveni ikakatwa vipande. Waingereza wana Yorkshire pudding; Hannah Glasse aliiandika kitabuni mwaka 1747, rojo likitegwa chini ya nyama inayochomwa ili lidake mafuta yanayodondoka. Hiyo hailiwi na sukari, huliwa na mchuzi wa nyama. Mwaka 2008 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza kwamba pudini isiyofika inchi 4 kwenda juu, yaani kama sentimita 10, haistahili kuitwa Yorkshire pudding. Ulikuwa utani kwa kiasi fulani, lakini mimi naona wanakemia walikuwa na haki ya kulisemea jambo hili kuliko wapishi wengi.

Turudi kwenye kikaango, maana hapo ndipo penye kazi. Kinachofaa ni kile cheusi cha chuma kizito, chenye upana wa sentimita 25 hivi na mpini wa chuma. Uzito wake ndio unaotafutwa: chuma kizito hubeba joto jingi, kwa hiyo rojo likimiminwa hakipoi papo hapo. Frampeni nyembamba ya aluminiamu hupoa mara moja, na ule mvuke wa ghafla haupatikani. Frampeni zile zisizoshika chakula nyingi hazikutengenezwa kukaa tupu kwenye oveni kali, na mpini wa plastiki utayeyuka. Ukikosa kikaango cha chuma, tumia bati zito la keki. Bakuli la kioo silishauri hata kama limeandikwa kuwa ni la oveni, kwa sababu likichomwa tupu kisha likamiminiwa kitu kisicho na moto linaweza kupasuka mikononi mwako.

Oveni iwe nyuzi 220. Kwa oveni ya gesi yenye namba, hiyo ni namba 7. Kwa oveni ya feni, nyuzi 200 zinatosha. Kikaango kiwekwe ndani kikiwa kitupu tangu mwanzo, vipate moto pamoja kwa nusu saa. Taa ya oveni ikizimika baada ya dakika 10 isikudanganye. Hewa ya ndani imepata moto, lakini kuta za oveni na chuma cha kikaango bado. Majiko mengi ya majumbani namba zake zimefutika au hazisemi kweli, na pale umeme unapokuwa mdogo oveni huchukua muda mrefu zaidi kufika inapotakiwa. Kipimajoto cha oveni, kile kidogo cha kutundika kwenye waya, kitakusaidia kuliko mapishi yoyote utakayoyasoma, haya yangu yakiwemo. Kwa oveni ndogo ya kuweka mezani, shusha waya hadi chini kabisa. Pankeki hupanda juu, na koili ya juu haiko mbali.

Rojo lenyewe halina makuu. Piga mayai na unga kwanza, vikiwa bado vizito, mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine maziwa kidogo kidogo. Mwenye blenda atatia vyote kwa pamoja na kusaga nusu dakika. Liwe jepesi kama mtindi uliokorogwa. Liache nusu saa ili unga unywe maji vizuri. Likilala kwenye friji usiku kucha pia si vibaya, ila litoe mapema lipungue baridi. Rojo la baridi kali linakunyang'anya joto la kikaango ulilolisubiri nusu saa nzima.

Unga uwe wa kawaida, usiokuwa na kiumulio ndani yake. Ule wa dukani unaojiumua wenyewe hutoa vipovu vidogo vidogo kila mahali, na ukuta wenye matundu hauzuii mvuke. Utapata kitu cha kama keki nyembamba, kitamu pengine, lakini sicho. Mayai ya kuku wa kienyeji mara nyingi ni madogo, kwa hiyo tia 4 badala ya 3. Sukari usizidishe: huyachelewesha mayai kuganda na huunguza kingo kabla katikati hapajaiva. Mwenye kupenda tui la nazi atumie tui jepesi la pili, kwa sababu tui zito lina mafuta mengi na rojo huwa zito kupanda.

Siagi ina tabia yake. Ndani yake mna maji kidogo na masalia ya maziwa, na masalia hayo huungua haraka kwenye joto ambalo kikaango chetu kinalo. Siagi iliyotangulia kuwekwa humo nusu saa nzima itatoka nyeusi na chungu. Itie mwishoni kabisa: toa kikaango, tupia vijiko vikubwa 3, kizungushe mpaka siagi ipande pembeni, na povu likianza kutulia tu, mimina rojo na urudishe ndani upesi. Samli inafaa zaidi kwa joto hili, maana hayo masalia yamekwisha ondolewa. Mapishi ya Kimarekani huagiza siagi kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Mpishi wa pwani mwenye kopo la samli nzuri asijisumbue kuitafuta. Majarini laini za kupaka kwenye mkate ziache mezani, nyingi zina maji mengi, zitakurukia tu.

Baada ya hapo, mikono mifukoni. Dakika 15 za mwanzo mlango usifunguliwe hata kidogo. Si miiko ya jikoni hii. Ukifungua, joto jingi la oveni hutoka kwa pumzi moja, mvuke uliomo ndani ya pankeki huanza kurudi kuwa maji, na kuta ambazo bado ni mbichi hazina nguvu za kusimama peke yake. Dakika ya 20, kingo zikiwa zimegeuka hudhurungi, punguza moto hadi nyuzi 150 na uiache dakika 5 zaidi. Dakika hizo 5 huzikausha kuta, na ndizo zinazotenganisha pankeki yenye kingo za kuvunjika mdomoni na ile inayolegea kama kitambaa kilicholowa.

Na itashuka. Wengi hukata tamaa hapa bure. Mvuke uliopanua ujazo wake mara 1,600 ukipoa hurudi kuwa matone, hewa ya nje haiwahi kuingia kujaza nafasi, na katikati panazama. Iliyookwa sawasawa huacha kingo zimesimama na bonde katikati, na bonde hilo lina faida, ndimo vinamokaa vya kuongezea. Ikibondeka yote, kingo na kila kitu, ilitolewa mapema.

Wakazi wa nyanda za juu wana hesabu yao. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo, mvuke hutanuka zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mbeya na Njombe ni vivyo hivyo. Pankeki ya huko hupanda mapema na kwa nguvu, kabla mayai hayajaganda. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha unga, punguza sukari, na uiache muda mrefu kidogo kwenye moto wa mwisho.

Kuila, mtindo wa Seattle ni sukari laini ya unga na maji ya limau, basi. Ndimu zetu ni kali zaidi, kwa hiyo kamua kidogo. Mapishi ya Eyre yana kungumanga iliyokunwa ndani ya rojo, na wenye kuipata mbichi kutoka Zanzibar hawana sababu ya kununua ya kopo. Iliki ninaipenda kuliko mdalasini, kwa sababu mdalasini mwingi huifunika ladha ya yai. Ndizi na embe huwekwa juu baada ya kuiva. Zikitumbukizwa kwenye rojo huongeza uzito na maji mahali pamoja, na hapo katikati patabaki pabichi. Ukiacha sukari kabisa, bonde lile hupokea vizuri kitunguu kilichokaangwa, mchicha au mabaki ya kuku wa jana.

Asiye na oveni anaweza kujaribu kwa mkaa, kama unavyookwa mkate wa kumimina, moto chini na moto juu. Sufuria iwe nzito na kifuniko chake cha chuma kiwe kizito pia, vyote vichomwe kwanza mpaka tone la maji likidondoshwa ndani lirukeruke na kukauka. Mimina rojo, funika haraka, na makaa mengi yawe juu ya kifuniko kuliko chini, la sivyo kitako kitaungua kabla ya kuta kusimama. Kifuniko kikibana huuzuia unyevu usitoke, kwa hiyo kingo hazitakauka kama za oveni. Baada ya dakika 20 kisogeze pembeni upenyo wa kidole kwa dakika 5 ili unyevu upate pa kutokea, na uwe mwangalifu majivu yasidondokee ndani.