Kijiji kitulivu, maiti kila juma: utamu na kasoro za romani za Miss Marple na wenzake

Kama uliwahi kuangalia Arabesque kwenye televizyo ya Kifaransa, tayari unajua aina hii ya hadithi, hata kama haujasoma kitabu chake hata kimoja. Jina lake la asili ni Murder, She Wrote. Ilianza Marekani mu 1984, ikaisha mu 1996, vipindi 264. Jessica Fletcher, mujane aliyekuwa mwalimu, anaandika romani za upelelezi na anaishi Cabot Cove, muji mudogo wa kubuniwa kando ya bahari, mu jimbo la Maine. Watu wa pale wanasalimiana kwa jina, wanavua samaki, wanaoka keki. Na wanauana. Wanauana sana, mpaka watazamaji wakafanya kuwa mchezo: mutu mwenye akili angehama Cabot Cove mapema, ao angalau angekataa mwaliko wa chakula akisikia Mama Jessica naye atakuwa pale.

Waingereza na Wamarekani wameipa aina hii jina lenye maana ya joto la nyumbani: bulangeti, chai, paka kwenye kiti. Damu haionekani sana, mambo ya kitandani yanafungiwa mulango, mupelelezi si polisi bali mutu wa kawaida, na mwishoni muuaji lazima ajulikane.

Mama wa wote ni Miss Marple wa Agatha Christie. Romani yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ilitoka 1930. Ya mwisho ilitoka 1976, mwaka ule ule aliokufa Christie, jumla 12. Anaishi St. Mary Mead, kijiji cha Uingereza chenye kanisa, posta na wamama wanaochungulia dirishani. Juu ya nini mutu anafurahia kusoma habari za kijiji sawa hicho? Kwanza, silaha ya Miss Marple ni masengenyo. Sisi tungesema redio trotwari. Hana maabara, hana bunduki, hana kadi ya polisi. Anasikiliza nani alinunua nini, nani ameacha kuja kanisani, kisha anamulinganisha tajiri anayeshukiwa na kijana fulani wa kijijini aliyeiba zamani. Na hakuna anayemujali, juu ni muzee, ni mwanamuke, anafuma sweta. Wanaongea mbele yake sawa vile wangeongea mbele ya kabati. Kila mutu aliyewahi kudharauliwa mu mukutano anaelewa utamu wa ukurasa ule ambapo huyo muzee anafungua kinywa.

Pili ni ahadi. Mushairi W. H. Auden, aliyekiri kwamba romani hizi zilimushika sawa tumbako inavyoshika muvutaji, aliandika mu 1948 kwamba kijiji cha hadithi hizi ni sawa bustani ya Edeni: kifo kinaingia, kila mutu anashukiwa, mukosaji mumoja anatolewa, bustani inarudia usafi wake. Kwetu, ambako dosie inaweza kulala kwenye meza ya parke mpaka karatasi inabadilika rangi, kurasa 250 zenye jibu mwishoni si kitu kidogo. Wanaosema ni kukimbia ukweli, sawa. Lakini mutu anakimbia kitu, na kile anachokimbia kinaonyesha kile anachokosa.

Lakini hapo hapo njo kasoro inaanza. Ili bustani ibaki nzuri, maiti haipashwi kuliliwa sana. Mu ile romani ya 1930, anayeuawa ni Kanali Protheroe, mutu asiyependwa na yeyote. Hata pasta anayesimulia alishasema kwamba atakayemuua atakuwa ameisaidia dunia. Tunacheka, tunaendelea kutafuta dalili. Kifo kinakuwa fumbo la gazeti. Raymond Chandler alilalamika juu ya hiyo mu 1944: aliona hadithi za namna hii ziko mbali na watu wanaoua kweli na sababu zinazowasukuma.

Kuna kitu kingine ambacho mi naona kizito zaidi. Uingereza iliendelea kunyonga watu mpaka 1964. Maana yake, mu vitabu vingi vya Miss Marple, kutaja jina la muuaji ilikuwa kumupeleka kwenye kamba. Kitabu kinafungwa kabla ya kamba. Wanakunywa chai. Na muuaji mara nyingi ni mutu mwenye tamaa ao wivu. Hakuna siku mukosaji akawa benki, shamba kubwa, ao sheria yenyewe. Kijiji hakina kosa kamwe.

Na watumishi? Wanaleta chai, wanalia, wanatoka. Ila Christie mwenyewe alijua. Mu A Pocket Full of Rye, ya 1953, mutumishi Gladys, binti aliyetoka nyumba ya yatima na kufundishwa kazi na Miss Marple, ananyongwa, na muuaji anamubania pua kwa kibanio cha nguo. Dharau ile njo inamufanya muzee afunge safari kwa hasira. Kwa mara moja mufu ana jina, na kuna mutu anayemulilia.

Afrika nayo imepata kijiji chake kupitia Alexander McCall Smith, muzungu aliyezaliwa Bulawayo. Tangu 1998 Mma Ramotswe anapeleleza Gaborone, kwa ofisi aliyofungua na pesa ya ng'ombe za baba yake, aliyefanya kazi mu migodi ya Afrika Kusini. Maiti ni chache. Kuna mabwana waongo na watoto waliopotea. Botswana ile ni tamu kupita kiasi, sukari sita mu kikombe kimoja. Lakini muangalie katibu wake, Mma Makutsi: alimaliza shule ya ukatibu na 97 kwa 100, na bado kazi zote nzuri zilichukuliwa na wasichana wazuri wa sura waliopata 50. Mwenye diplome mu sanduku hataona hiyo kuwa hadithi ya kubuni.

Anayetaka kuanza, Gladys yuko mu Une poignée de seigle, na Kanali yuko mu L'Affaire Prothero. Mimi ningeanza na Gladys.