Mmea unaokula inzi na maji ya kisima cha Hanang

Udongo wa volkano unaostawisha ngano kule Basotu, wilayani Hanang, ni sumu kwa mmea mmoja ambao watu wameanza kupenda kuuweka dirishani ndani ya kioo: ule unaokula wadudu. Kwao ni kinamasini, ambako maji hayana chumvichumvi na naitrojeni ni haba mno. Virutubisho ambavyo ardhi inaunyima huvipata kwa wadudu. Ukiutilia samadi kwa huruma, mizizi inaungua.

Chukua Drosera madagascariensis, inayoota sehemu za majimaji hapahapa Tanzania. Jani lake lina vinyweleo vyekundu, na kila kimoja kimebeba tone la ute kwenye ncha. Inzi mdogo akitua, ananata. Anavyozidi kufurukuta, vinyweleo vya jirani vinamwinamia, kisha vimeng'enya vinamyeyusha polepole hadi libaki ganda kavu. Charles Darwin, aliyetoa kitabu kizima kuhusu mimea hii mwaka 1875, aliilisha nyama na ute wa yai ili aone itafanya nini. Nyumbani usimuige, kipande cha nyama huoza na kuozesha jani.

Habari ya kuotesha mimea ndani ya kioo kilichofungwa ilienezwa na daktari wa London, Nathaniel Ward, kuanzia miaka ya 1830. Kwa mimea ya kivulini inafaa. Drosera inataka jua, na chupa yenye kifuniko ikikaa juani saa chache inageuka jiko. Tumia chombo chenye mdomo mpana, uache wazi.

Tatizo kubwa zaidi la kioo ni kwamba hakina tundu chini. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, na chombo chako kinakuwa ziwa dogo la chumvi kama Balangida la Hanang. Ndiyo maana maji ya kisima hayafai. Ukoko mweupe ndani ya birika unaonyesha madini yaliyomo, ingawa huo hasa ni chokaa. Floraidi, ambayo ni nyingi katika maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, haionekani kwa macho. Ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, na ikizidi kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, yanayobaki yana floraidi nyingi zaidi kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Mwaga yale ya kwanza yanayoosha vumbi la bati, kisha kinga. Yawe ya mmea na ya watoto pia, ila ya kunywa yachemshwe, kwani vijidudu ni habari nyingine. Badala ya udongo, changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga mweupe, vyote vioshwe kwa maji ya mvua mara kadhaa. Makumbi ya pwani huja na chumvi yake.

Anayetaka kuagiza Dionaea ya Marekani, ile inayofumba jani kama mtego, aanzie kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kupata kibali cha mimea.

Kuna na jamaa wa majini, Utricularia, mwenye vifuko vinavyomvuta mdudu ndani kwa chini ya sekunde moja. Mwaka 2013 watafiti wa Uganda walichapisha majaribio yao ya Utricularia reflexa na viluwiluwi vya mbu wa malaria: mmea uliwala. Hayo yalifanyika ndani ya vyombo vya majaribio. Sebuleni kwako, beseni la maji lisiloangaliwa linaweza kuzalisha mbu kuliko mmea unavyowamaliza, kwa hiyo lifunike kwa kipande cha chandarua, na sahani iliyo chini ya chungu imwagwe kila wiki.