Uchumba wa kwanza unapovunjika

Kijana aliyevunjikiwa uchumba hukosa usingizi, chakula hakipiti na kifua humbana. Baadhi ya wazazi husema anadeka, au karogwa. Sivyo. Huzuni kubwa huongeza mwilini homoni za msongo, kama kotisoli, na hizo huvuruga usingizi na hamu ya kula. Wala si upungufu wa imani: Nabii Yaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe.

Mara nyingi hali hii hupungua yenyewe, wiki baada ya wiki. Kijana ale kidogo kidogo, alale na kuamka saa zile zile, atembee nusu saa kila siku, na aache kupekua simu kutazama picha za mwenzake. Arudie aliyoyaacha kwa ajili ya uchumba: darasa, ufundi, mpira, marafiki. Humo ndimo atakapojitambua upya.

Lakini huzuni ikidumu kutwa kwa wiki 2 au zaidi, na kazi au masomo yakamshinda, huenda ni ugonjwa wa sonona, nao hutibika. Akitamka kutaka kufa, asikemewe wala asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.