Mnana wa Dakatcha na Kiota Kilichofichika Miaka 100

Wasomaji wetu, hasa nyinyi vijana mpendao kutembea mwituni siku za mapumziko, leo nawaletea habari za ndege ambaye Mwenyezi Mungu hakumweka popote duniani ila pwani ya Kenya, pande za Kilifi na Malindi. Ni mnana, lakini si yule tumzoeaye mitini karibu na nyumba. Dume lake lina kichwa cheusi na tumbo la manjano. Jike halina weusi huo. Huenda makundi kwa makundi juu ya mirihi wakitafuta wadudu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na mwitu wa Dakatcha, kaskazini ya Mto Sabaki.

Wataalamu wa Kizungu walimwandika vitabuni mwaka 1913, wakamwita mnana wa Clarke. Wakajua rangi yake na chakula chake, lakini kiota chake hakuna aliyekiandika. Miaka 100 ikapita. Mwezi wa Machi 2013 ndipo viota vilipoonekana huko Dakatcha, wala havikuwa juu ya mirihi: vilikuwa katika majani ya jamii ya ndago, yaliyosimama ndani ya ziwa la msimu, lijaalo kwa mvua na kukauka wakati wa jua kali. Kumbe ndege wa msitu huenda kuzaa majini!

Jambo hili ni zito. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali; sehemu kubwa ya Dakatcha siyo, na humo watu hukata miti kwa makaa na kufyeka mashamba ya mananasi. Siwalaumu wenye njaa. Lakini ziwa likilimwa, hata mirihi yote ikisalia, mnana huyu atazaa wapi?

Basi mwendao kuwatazama wakati wa kuatamia, simameni mbali, darubini iwafanyie kazi ya miguu. Msipasue njia katika majani, maana mama akitishwa sana huacha mayai yapoe.

Nimewaona wanafunzi wa chuoni wakija na makinda, nami huwasimulia hadithi iliyopokewa na Abu Dawud: masahaba walipokuwa safarini na Mtume (S.A.W.) walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika, Mtume akauliza nani aliyemtia ndege huyu uchungu, akaamuru arudishiwe wanawe. Mtoto mmoja, kabla sijamaliza, aliomba ruhusa akatoka. Nikamwona dirishani akipanda mkorosho, kofia ameing'ata menoni, na kinda limo ndani.