Safari ya Mtumbwi Huanzia Ukingoni

Watu wa Beni na Butembo wanaujua Mto Semliki. Malori yaendayo Kasindi huuvuka kwa daraja, na abiria huuona kwa kitambo kidogo, kisha huusahau. Lakini mtu anayetaka kusafiri mtoni kwa mtumbwi hawezi kuujua mto kwa kuutazama mahali pamoja tu. Mto ni kama njia ndefu: hapa ni tambarare, pale ni mteremko mkali.

Mto Semliki huanza Ishango, pale maji yanapotoka katika Ziwa Edward. Ziwa hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 900 na zaidi kidogo. Mto huelekea kaskazini chini ya milima ya Ruwenzori, hupita msituni, na mwisho huingia katika Ziwa Albert, lililo kwenye meta 620 hivi. Basi maji hushuka karibu meta 300. Kama yangeshuka kidogo kidogo njia yote, mto mzima ungekuwa mpole. Lakini sivyo. Kule Ishango maji ni matulivu, na viboko huoga humo. Katikati, msituni, mto huteremka kwa nguvu juu ya mawe. Karibu na Ziwa Albert huwa mpole tena, ukajipindapinda katika uwanda.

Samaki wenyewe ni mashahidi. Sangara, ambaye wengine humwita kapiteni, yumo katika Ziwa Albert. Lakini kwa asili hayumo katika Ziwa Edward, kwa sababu hakuweza kuyapanda maji makali ya Semliki. Ikiwa samaki mkubwa na mwenye nguvu amezuiwa na maji hayo, mtu asiyejua kupiga kafi atafanya nini?

Kwa nini maji huwa meupe? Maji yakianguka juu ya mawe huchanganyika na hewa, yakatoa povu. Povu halibebi vizuri kama maji yenyewe. Mtumbwi huzama zaidi, na mtu pia. Tena maji huonyesha dalili. Yakifanya umbo la herufi V, na ncha yake ikielekea chini ya mto, hapo katikati mara nyingi ndipo penye njia. Ncha ikielekea juu ya mto, kuna jiwe limejificha. Nyuma ya jiwe kubwa maji hurudi nyuma, na hapo mtumbwi unaweza kupumzika. Lakini mti ulioanguka mtoni ni hatari kubwa: maji hupita katikati ya matawi, mtu hunaswa.

Dalili hizi huonekana na yule anayetembea kwanza ukingoni. Mwaka 1877 watu walijifunza jambo hilo kwa machozi. Stanley na wasafiri wake walikuwa wakishuka Mto Kongo, wakafika kwenye maporomoko mengi karibu na mwisho wa mto. Mwenzake mmoja, Mwingereza Frank Pocock, alikuwa mwogeleaji hodari, mtu aliyezoea mashua tangu utoto. Siku zile miguu yake ilikuwa na vidonda, hakuweza kutembea nchi kavu. Tarehe 3 Juni mtumbwi wake ulikaribia maporomoko ya Massassa. Uledi, nahodha kutoka pwani ya Waswahili, alishuka, akaenda kuyatazama maji. Akarudi akasema kwamba hayapitiki. Frank hakukubali, akawaambia wale watu kwamba wanaogopa. Nao, kwa kuona haya, wakapiga makafi. Mtumbwi ulipinduka. Kati ya watu 11, watatu walikufa maji, na Frank alikuwa mmoja wao.

Kwa cheo, Frank alikuwa mkubwa wa Uledi. Lakini mtoni mkubwa ni yule aliyeyatazama maji. Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Basi wanaotaka safari salama hufuata mambo haya kabla ya kuingia majini:

1. Huuliza wenyeji. Wavuvi wanajua mahali penye viboko, mamba na mawe. Katika bonde la Semliki kuna neno jingine tena. Sehemu kubwa ya mto imo katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na haifai kuingia humo bila ruhusa. Tena, kwa miaka mingi watu wenye silaha wamewatesa wenyeji wa bonde hilo. Swali la kwanza ni hili: je, njia ya kwenda mtoni ni salama? Jibu likiwa hapana, safari huachwa, wala si aibu.

2. Huchagua maji yanayowafaa. Wasafiri wa mito duniani huyapima maji makali kwa daraja 6. Daraja la 1 ni mawimbi madogo; la 6 ni hatari ya kifo hata kwa mabingwa. Mwanafunzi huanza na la 1, kisha la 2, pamoja na mwalimu.

3. Hutafuta habari mpya. Kule Jinja, nchini Uganda, watu wengi hujifunza kupita maji makali ya Mto Nile. Lakini bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 2012 liliyafunika Maporomoko ya Bujagali. Ramani ya zamani haitoshi.

4. Hutazama mvua. Mvua ikinyesha Ruwenzori, mto waweza kujaa ghafula, hata kama jua linawaka Beni.

5. Hujua mahali pa kutokea. Kabla ya kuanza, huenda kupaona pale watakaposhukia, nao huweka alama.

6. Huvaa jaketi la kuokolea maisha na kofia ngumu. Huchukua kamba na kafi la akiba.

7. Hawaendi peke yao. Tena humwambia mtu wa nyumbani saa watakayorudi.

Na mtu akianguka majini? Hasimami katika maji yaendayo kasi, maana mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humlaza chini. Hulala chali, miguu ikitangulia juu ya maji, huku akipiga mikono kuelekea ukingoni.

Mwisho, mahali pasipopitika, mtumbwi hutolewa majini ukabebwa mabegani. Kazi hiyo huchosha, na jua huchoma. Lakini waliobeba mtumbwi wao jioni huketi kwao, wakala chakula pamoja na jamaa zao.

Maswali

1. Kwa nini sangara hakufika katika Ziwa Edward?
2. Uledi alifanya nini kabla ya kutoa shauri lake?
3. Kwa nini watu wa mtumbwi walimfuata Frank?
4. Mtu aliyeanguka katika maji makali alale namna gani? Toa sababu.
5. Taja mto mmoja ulio karibu na kwenu. Ni wapi mpole, na ni wapi mkali? Waulize wazee.