Mlima Unaoshukia Kongowea

Lori la kabichi kutoka Wundanyi likishusha mzigo sokoni Kongowea alfajiri, halishushi kabichi peke yake. Mashina huja na udongo mwekundu uliong'ang'ania. Hamali wanaukanyaga, mvua inauosha hadi mtaroni, na mtaro unaupeleka baharini. Milima ya Taita imepungua kidogo, na pwani imepata kidogo.

Mito imefanya kazi hiyohiyo tangu kabla ya kuwapo mtu wa kula kabichi. Tutajuaje mlima umepoteza kiasi gani, ilhali kilichopotea hakipo tena?

Shahidi wetu ni madini yaitwayo apataiti, ndugu wa karibu wa kile kinachoyapa meno yetu ugumu. Hupatikana kama punje ndogo ndani ya miamba kama graniti, na kila punje ina uraniamu kidogo mno. Mara chache sana kiini cha atomu ya uraniamu hupasuka chenyewe, na vipande vyake viwili hurushwa pande mbili vikichana njia ndani ya punje. Mchano mmoja mpya una urefu wa takriban sehemu 16 za elfu moja za milimita. Michano huongezeka jinsi miaka inavyopita, hivyo anayeihesabu na kupima uraniamu iliyomo hupata umri.

Lakini umri wa nini? Hapa ndipo wengi huteleza, hata waliosoma. Si umri wa kuzaliwa kwa jiwe. Joto likizidi nyuzi 120 za selsiasi hivi, michano hujifunga kama kidonda kinavyoota ngozi mpya, na hesabu hurudi sifuri. Chini ya ardhi joto hupanda kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kila kilomita, kwa hiyo jiwe lililozikwa kilomita nne halina kumbukumbu yoyote. Huanza kukumbuka linapopoa, na kwa kawaida hupoa kwa sababu miamba iliyolifunika imemomonyoka. Saa hii basi hupima kuvuliwa paa. Mlima ulipanda lini na ukafika kimo gani ni swali jingine, na anayeyachanganya mawili hayo atakupa historia ya uongo.

Kazi ya maabara yataka subira. Kilo chache za jiwe hupondwa, unga ukatikiswa majini, sumaku ikavuta punje zenye chuma, vimiminika vizito vikatenga zilizobaki. Umewahi kumtazama mama akipepeta maharagwe kwa ungo pale sokoni? Kanuni ni ileile, nyepesi huku na nzito kule. Punje za apataiti hugandishwa kwenye gundi, husuguliwa hadi zing'ae, kisha hutiwa kwenye tindikali ya nitriki kwa sekunde 20 hivi. Tindikali huitafuna michano ikapanuka, na chini ya hadubini utaiona kama vijiti vyeusi vilivyomwagwa ovyo kwenye kioo. Urefu wake nao hupimwa. Vijiti virefu vitupu huonyesha jiwe lililopoa haraka. Vifupi vikichanganyika na virefu, jiwe lilikawia kwenye joto.

Miaka ya 1990, wanajiolojia David Foster na Andrew Gleadow walisoma hivyo miamba ya Kenya, ikiwemo ya milima ya Mathews na Karisia huko Samburu. Walikuta miamba ilipoa kwa awamu: zaidi ya miaka milioni 220 iliyopita, tena kati ya milioni 140 na 120, tena kati ya milioni 70 na 60. Bonde la Ufa tunaloliona leo ni changa kuliko awamu zote tatu. Paa la milima ile liliondoka kwa sehemu kubwa kabla bonde hilo halijafunguka, enzi za ufa mwingine, wa Anza, ambao sasa umefukiwa chini ya tambarare za kaskazini.

Na mapaa ya milima ya kale zaidi yalikwenda wapi? Toka Kongowea, vuka Changamwe, panda hadi Mazeras. Yale mawe bapa tunayotandika uani, tunayoyaita mazeras, ni mchanga uliosombwa na maji kutoka bara ya kale, kama ulivyo mchanga wa Mariakani na Taru. Sehemu kubwa ya tabaka hizo ilitua zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Watoto wetu wanacheza juu ya milima iliyokwisha.

Rudi kwenye awamu ya mwisho ya miamba ya Samburu, tuseme jiwe lilianza kukumbuka likiwa kilomita tatu na nusu chini na leo liko juani, kisha piga hesabu ya haraka: kilomita tatu na nusu kwa miaka milioni 65 ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita kwa mwaka. Unene wa karatasi ya daftari ungehitaji miaka miwili kumomonyoka. Huo ni wastani tu, nami huukumbuka kila mto Sabaki unapofurika na bahari ya Malindi kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 2007, Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha walichokisoma ndani ya tumbawe la huko lenye tabaka za karibu miaka 300. Bariamu, ambayo hufika baharini na udongo wa mto, ilikuwa kidogo kwa vizazi vingi. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya wakoloni yalipoenea juu ya mto, ikapanda, na haijarudi ilikokuwa.